Moja Nilikunywa, Moja Nilificha

8 Machi

Mama,

Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili una mtu. Mume wako amekataa kulazwa kitandani tangu alfajiri. Nikimweka chini tu anafumbua macho na kunitazama kama mwizi niliyekamatwa na kuku. Kwa hiyo mwandiko ukipanda mlima, ujue ni yeye anausukuma.

Jirani yangu ameniuliza kwa nini nahangaika na bahasha na stempu katika dunia hii ya simu. Nikamwambia mama yangu amekaa miaka ishirini na sita kwenye karakana ya nguo, pembeni ya mashine za kukatia, na masikio yake yalibaki hukohuko. Ukimpigia simu anasema, "Ndiyo, ndiyo, asante mwanangu," hata kama umemwambia nyumba inaungua. Na meseji anasema si maneno, ni makombo. Jirani akacheka mpaka akakaa chini.

Nguo za mtoto zimefika. Zimemkaa kama ulimpima mwenyewe. Miezi mitano sasa, na umemshonea mtu ambaye hujamwona! Wasiomjua wanadhani bibi yake anaishi chumba cha pili.

Baba yake yuko barabarani na lori. Wiki tatu huko, siku nne hapa, na siku nne zenyewe analala kama gunia. Simlaumu. Lakini na mimi nataka kuwa gunia.

Nieleze habari zako. Lile joto la ghafla lililokuwa linakulowesha shuka, limekwisha? Na zile dawa mbili walizokuandikia pale zahanati mwaka ule wa harusi yangu, bado unakunywa? Usinijibu kwa mzaha. Nijibu.

Kitinda mimba wako


21 Machi

Kitinda mimba wangu,

Barua yako nimeisomea karakana wakati wa chai, tena kwa sauti, maana wenzangu wananidai habari za mume wangu kila wiki. Msimamizi alipita akataka kujua kicheko ni cha nini saa za kazi. Yule rafiki yangu wa vifungo akamjibu, "Mwache, mama huyu anaolewa. Bwana hana meno, lakini ana heshima." Msimamizi akaondoka.

Umesema nisijibu kwa mzaha, haya. Joto limekwisha kabisa. Kile kidonge kidogo cheupe ndicho mkombozi wangu. Nakinywa na chai kila asubuhi, sijakiruka hata siku moja. Zamani nilikuwa nikisimama mezani kukata nguo jasho linadondokea kitambaa, msimamizi anadhani nalia. Sasa niko mkavu kama chaki. Dawa nakunywa, kwa hiyo toa hofu.

Na nikuchekeshe. Siku zangu zimenirudia! Miaka minne nilishaziaga, tena kwa furaha, na tangu mwezi wa kwanza zinakuja, zinaondoka, zinarudi tena bila hata kubisha hodi. Nilimnong'oneza rafiki yangu wa vifungo. Akasema, "Mwili wako umesikia umepata mume mpya." Tulicheka mpaka akamwaga kopo zima la vifungo, tukawa tunaviokota chini ya meza kama watoto wa shule.

Basi mama yako amekuwa msichana. Kaka yako usimwambie, ataona haya kwa niaba yangu.

Mbusu mume wangu utosini.

Mama yako


10 Aprili

Mama msichana,

Umenichekesha siku ambayo sikuwa na kicheko hata cha kuazima. Tafadhali usije ukaniletea mdogo wangu wa kulea pamoja na huyu. Sina mikono.

Barua hii itakuwa fupi. Mtoto anaota meno, hataki ziwa, hataki chupa, hataki mimi. Jana nilikaa kitini dakika kumi nzima nikipigapiga mgongo wa mto ili acheue. Mtoto mwenyewe yuko kitandani ananiangalia. Juzi nilisinzia nimesimama kwenye karo, maji yakafurika hadi mlangoni kwa jirani. Hakunigombeza. Alichukua tambara akafuta, akaniambia, "Nenda kalale, dada." Nililia kwa sababu ya neno lile moja tu.

Nikilala nashtuka. Masikio yanamsikia hata akiwa kimya. Mama, mlifanyaje ninyi? Sisi tulikuwa watatu na wewe ulikuwa unaingia kazini saa moja asubuhi. Natamani saa tatu za usingizi mfululizo. Basi. Sitaki kitu kingine duniani.

Mwanao


3 Mei

Mwanangu,

Barua yako imenikaa kifuani. Najua usingizi wa kunyimwa ulivyo, unaweza kumwua mtu.

Katika kifurushi hiki utakuta suruali tatu za mtoto, kofia, na lile kopo la chuma la majani ya chai. Ndani ya kopo sikuweka majani. Nimeweka vidonge vile laini vya mviringo, vina mafuta ndani. Ni vyangu vya zahanati, lakini mimi nimebaki navyo na sina shida navyo. Vinaleta usingizi mzuri ajabu, naujua kwa mwili wangu. Mtoto akilala mchana, kunywa kimoja, funga mlango, lala. Jirani akusaidie kusikiliza.

Usinishukuru. Mama hana kingine cha kukutumia kwa njia ya basi. Ningejituma mwenyewe kwenye kifurushi, lakini tuna oda ya sare za shule na meza ya kukatia ni yangu peke yangu.

Mgongo wa chini unaniuma kidogo, ni kusimama tu.

Mama yako


11 Mei

Mama,

Leo hakuna utani. Mtoto nimemwacha kwa jirani ili niandike kwa mikono miwili.

Kopo limefika juzi. Sitakuficha, nilifurahi. Nilimlaza mtoto, nikachukua kidonge kimoja, nikashika na kikombe cha maji. Nikakiangalia kile kipakiti mara moja ya mwisho, nikaona jina lako limeandikwa kwa kalamu, na tarehe. Tarehe ilikuwa ya mwezi niliofunga ndoa. Nikachukua kipakiti cha pili, cha tatu. Vipakiti saba, mama, vya miezi mitatu mitatu, na vyote vimejaa isipokuwa kile cha kwanza. Humo vimepungua vidonge kumi na moja. Kumi na moja katika karibu miaka miwili.

Nikarudisha kidonge, nikambeba mtoto, nikaenda duka la dawa na kopo langu kwapani. Mfamasia ni dada mmoja mrefu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nakuandikia tulivyosema ili usikie kama ulikuwepo.

"Hizi za nani?"

"Za mama."

"Na wewe unazitakia nini?"

"Usingizi."

"Usingizi!" Alivua miwani. "Dada, hizi si dawa za usingizi. Usingizi ni usumbufu wake, si kazi yake. Ndiyo maana tunamwambia mtu anywe anapokwenda kulala, si asubuhi, na asiendeshe wala kushika mashine akiwa bado analewalewa nayo. Unanyonyesha?"

"Nanyonyesha."

"Kuna kitu kinachokudhuru ukila?"

"Karanga. Huvimba midomo mpaka koo."

Akafungua boksi la dawa hiyohiyo akatoa karatasi yenye maandishi ya siafu, akaweka kidole. Vidonge hivi vimetengenezwa kwa mafuta ya karanga. Mama, wewe mwenyewe ulinibeba mgongoni hadi hospitali nilipokuwa na miaka sita kwa ajili ya karanga moja. Mfamasia alilisukuma kopo mbali na mimi kwa kalamu, kama vile ndani mna nge.

Halafu akaniuliza, "Mama yako ana mji wa mimba?"

"Sasa mimi nilitoka wapi?"

Hakucheka. "Nauliza kama alifanyiwa upasuaji ukatolewa."

"Hapana."

"Na ile dawa nyingine aliyopewa pamoja na hii, ya estrojeni, anaendelea kuinywa?"

"Kila asubuhi. Hajairuka hata siku moja." Nilisema hivyo kwa majivuno, mama. Maneno yako yaleyale.

Akavaa miwani tena, akanieleza polepole. Nitakueleza kwa lugha ya kazi yako. Mji wa mimba una bitana ndani, kama koti. Kile kidonge cheupe kinachoondoa joto, pamoja na wema wake wote, kinaifanya bitana ile ikue na kuongezeka. Hiki laini, projesteroni, kazi yake ni kuizuia isiendelee kuota. Mwanamke mwenye mji wa mimba akinywa cheupe peke yake mwezi baada ya mwezi, bitana inaongezeka hovyo, na baadaye inaweza kugeuka kuwa kitu kibaya. Kwa hiyo zile si dawa mbili za kuchagua unayoipenda. Ni dawa moja yenye mikono miwili.

Kisha akauliza, "Anatoka damu?"

Nilikumbuka barua yako ya mwezi wa tatu. Nilikumbuka na yangu, nilivyokujibu. Mtoto akaanza kulia, nikashukuru kwamba kuna mtu analia kwa niaba yangu.

Sasa nijibu, na unijibu kweli. Uliacha lini? Uliacha kwa nini? Damu imeanza lini hasa, na ni kiasi gani? Na ule mgongo?

Mfamasia amesema usianze kuvimeza sasa ili kufidia. Daktari akuone kwanza. Amesema, "Asisubiri." Na mimi nasema hivyohivyo.

Mwanao


22 Mei

Mwanangu,

Umeniandikia kama hakimu. Nilikasirika, nikaikunja barua, nikaiweka chini ya kitambaa. Kesho yake nikaikunjua. Karanga ndiyo iliyonikunjulisha. Nimelia juu ya karanga ile mpaka rafiki yangu wa vifungo akafikiri nimefiwa. Ningekuua kwa mkono wangu nikidhani nakulaza.

Haya, kweli hii hapa.

Pale zahanati dawa unapewa dirishani. Kuna kioo, kina tundu dogo chini, na anayetoa dawa anaongea nyuma ya kioo akiwa ameinama kuandika. Aliongea, nikaona mdomo unacheza, nyuma yangu foleni ya watu. Mimi nikatikisa kichwa. Karakana nzima tunatikisa kichwa hivyo, msimamizi akipiga kelele mashine zikiwa zinanguruma, unatikisa tu, kazi utaijua ukifika mezani. Nikaangalia bahasha, imeandikwa 1 x 1. Moja kwa siku. Nikaona sawa. Nikanywa zote mbili na chai ya asubuhi, nisije nikasahau.

Saa nne nikiwa mezani, vitambaa vinaelea. Nimepanga tabaka arobaini, naziona themanini. Nikanawa uso, nikajifinya. Siku ya tisa mashine ya kukatia ilichukua ncha ya kidole changu cha shahada. Wewe nilikuambia nimekatwa na mfuniko wa kopo. Ilikuwa wiki moja kabla ya harusi yako, sikutaka uolewe ukiwa na mawazo. Kwenye picha nimeshika maua ili kufunika bendeji.

Sasa sisi mashine ikiharibu mshono hatuzimi karakana nzima. Tunabadilisha kitu kimoja, tunashona. Tunabadilisha kingine, tunashona, mpaka mharibifu ajulikane. Nikafanya hivyo. Nikaacha cheupe siku mbili: joto likarudi, na usingizi uko palepale. Nikarudisha cheupe, nikaacha hiki laini: usingizi ukakata, joto halipo. Nikasema, nimekupata. Nilijiona nina akili kuliko daktari.

Kwa nini sikuwaambia? Niliogopa wataninyang'anya na kile cheupe. Hujui lile joto, mwanangu. Miaka mitatu sikuwa mtu. Kwa hiyo kila miezi mitatu nilikwenda, nikapokea zote mbili, nikatikisa kichwa, moja nikaja kunywa, moja nikaificha kwenye kopo. Kutupa dawa niliona dhambi.

Damu ilianza kidogokidogo mwezi wa kumi na moja, si wa kwanza kama nilivyokuambia. Sasa ni nyingi. Nimejishonea vitambaa vya kukalia. Wiki iliyopita ilipita hadi kwenye kiti, rafiki yangu wa vifungo akanifunga khanga kiunoni.

Nitakwenda. Tumalize oda ya sare kwanza, mwisho wa mwezi wa sita. Watoto wa watu hawawezi kwenda shule uchi.

Mama yako


28 Mei

Mama,

Hapana.

Hutamaliza oda. Ukishasoma barua hii, kesho yake usiende karakana, nenda hospitali, si kwenye lile dirisha, nenda hospitali kubwa ya wanawake. Msimamizi akiuliza, mwonyeshe kidole. Kidole chako kimoja kiko ndani ya nguo za watu tayari, kinatosha.

Ningekuja leo. Mtoto ana homa, baba yake yuko safarini, na siwezi kumtoa. Usifikiri sikujali kwa kuwa nakuandikia badala ya kusimama mbele yako.

Na mimi nina langu la kusema. Uliniambia damu imerudi na mimi nilicheka. Mtu mzima, mwenye mtoto, nimekwenda kliniki kila mwezi wa ujauzito wangu nikiulizwa habari za damu, na mama yangu aliponiandikia neno hilo nikaandika utani. Nilikuwa nimechoka. Nataka kusema hilo linanitoa hatiani, halinitoi.

Karatasi ya pili humu si yako. Mpe daktari kabla hajafungua mdomo. Usitikise kichwa kwa kitu chochote, nakuomba, hata akikuuliza kama mvua imenyesha.

Mwanao

*Kwa daktari atakayempokea mama yangu.*

*Shikamoo. Mama huyu hasikii vizuri, na ataitikia kila kitu ili asikusumbue. Tafadhali usimwamini akitikisa kichwa. Mwandikie, anasoma vizuri sana. Yeye atakujibu kwa mdomo.*

*Ana miaka hamsini na tano. Hedhi ilikoma miaka minne iliyopita. Amekunywa estrojeni kila siku kwa karibu miaka miwili bila projesteroni. Projesteroni aliiacha baada ya siku kumi na moja kwa sababu aliinywa asubuhi ikamlevya kazini. Anatoka damu tangu mwezi wa Novemba, sasa ni nyingi. Mgongo wa chini unauma. Anaogopa kurudiwa na joto kuliko anavyoogopa kufa. Mvumilie.*

*Ni mimi binti yake.*


19 Juni

Mwanangu,

Nilikwenda. Nilimpa karatasi yako, akaisoma mara mbili, kisha akavuta karatasi nyingine akaanza kuandika. Ni mwanamke, umri wako. Nakuletea aliyoandika. Yangu niliyosema yamebaki chumbani kwake, lakini utayajua.

*Asante kwa barua ya binti yako. Kaa hapa karibu na taa.*

*Hapana mama, si hedhi. Hedhi ikishakata mwaka mzima, damu yoyote inayokuja baadaye ni ya kuchunguzwa, hata tone.*

*Kidonge cheupe usikinywe tena mpaka tuonane.*

*Najua. Litarudi. Pole.*

*Nitachukua kipande kidogo cha ukuta wa ndani kikapimwe. Itauma dakika chache. Baada ya hapo utapigwa picha.*

*Kosa la kunywa asubuhi si lako peke yako. Mtu alipaswa kukuandikia, na kuhakikisha umeelewa. Na kila ulipochukua dawa mtu alipaswa kukuuliza kama unazinywa.*

*Majibu tarehe 9 Julai. Usije peke yako.*

Iliuma zaidi ya dakika chache. Joto limerudi, jana nimelowesha karatasi ya kupimia nguo za mtoto. Sare nimewaachia, anakata yule wa pasi, anakata vibaya.

Mtoto homa imeshuka? Umeandika homa ukaniachia hapohapo.

Mama yako


10 Julai

Mwanangu,

Nilikwenda peke yangu. Rafiki yangu wa vifungo alitaka kunisindikiza, nikamdanganya siku. Sikutaka mtu anione nikisoma.

Nakuletea karatasi. Mimi sina la kuongeza leo.

*Uko peke yako?*

*Ni saratani, mama. Imeanzia kwenye ukuta wa ndani wa mji wa mimba.*

*Ndiyo, nina hakika. Nimeangalia na wenzangu wawili.*

*Picha inaonyesha imeshatoka nje ya mji wa mimba. Iko kwenye mifupa ya mgongo na kwenye ini.*

*Tunaweza kupunguza damu. Tunaweza kupunguza maumivu. Kuiondoa yote hatuwezi.*

*Siwezi kukuapia kwamba ungenywa zote mbili isingekupata. Lakini ile uliyoificha ndiyo iliyokuwa ya kukulinda.*

*Chukua, ni kitambaa safi.*

*Hapana. Si kosa la binti yako. Alipoandika ule utani ugonjwa ulikuwepo tayari. Mwonyeshe mstari huu.*

*Sijui. Labda mwaka. Labda haufiki.*

*Ndiyo, unaweza kumbeba mjukuu. Ila uwe umekaa.*

*Hapana mama. Sare watakata wengine.*

Mama yako


17 Julai

Mama yangu,

Barua ilifika siku nne zilizopita, saa tatu asubuhi. Nimeisoma nimesimama mlangoni, mtoto kiunoni, na aliyeileta bado yuko mbele yangu ananisubiri nitie sahihi. Nilitia sahihi. Nikamwambia asante. Nikafunga mlango, nikakaa palepale sakafuni mpaka mtoto alipoanza kunivuta nywele.

Nimekukasirikia siku mbili nzima. Nimekusema peke yangu jikoni, kwa sauti, yote: kwamba ungeniambia kidole kilikatwa na nini, kwamba miaka miwili nilikuuliza na ukanijibu, kwamba ulikwenda kusomewa kifo peke yako kama mtu asiye na watoto. Siku ya tatu hasira ikaisha, na chini yake hapakuwa na kitu ila mama yangu amekaa karibu na taa anasoma.

Ule mstari wa daktari nimeusoma. Nausoma kila siku. Siku moja huenda nikauamini.

Sasa sikiliza nilivyopanga, na usibishe. Baba wa mtoto amerudi na ameomba ruhusa ya siku sita, atabaki na nyumba. Kaka ameambiwa, na hakuona haya, alilia. Kitanda chetu nimekisogeza dirishani kwa ajili yako, sisi tutalala chumba cha mbele. Nimekwenda hospitali ya huku, nimeonana na wanaotibu maumivu, wanakusubiri na karatasi zako zote. Zitakuwa dawa nyingi. Nitaziandika ukutani mwenyewe, kila moja na saa yake na kazi yake, kwa herufi kubwa, na kila siku tutasoma wote wawili kabla hujameza. Ikikulevya utaniambia. Ikikutapisha utaniambia. Ukichoka nayo kabisa, ukataka kuiacha, mama, utaniambia hilo pia, na sitakugombeza.

Nakuja Jumamosi na mtoto. Homa ilimwisha, tena ni mzito siku hizi, usije ukasimama kumpokea. Nitamweka mapajani mwako mimi mwenyewe, ukiwa kitini, na utamshika muda unaotaka. Mwambie rafiki yako wa vifungo akusaidie kufunga mizigo. Usibebe hata sindano.

Na jambo moja. Nikifika mlangoni nitakuuliza hujambo, kwa sababu ndivyo ulivyonilea. Usinijibu sijambo. Niambie panapouma.

Mwanao